Kuzunguka Unguja kwa baiskeli bila kuumia: mwongozo kamili kwa anayekuja likizo

Kila msimu wa likizo yanajirudia yaleyale. Mtu anashuka boti Malindi, anakodi baiskeli saa nne asubuhi, anafungua ramani ya simu na kuona Nungwi haifiki hata kilomita 65. Saa nane mchana bado yuko Kinyasini, maji yamemwishia, shingo imeungua na cheni inaruka kila akikanyaga kwa nguvu. Jioni giza linamkuta barabarani hana taa, huku magari ya wageni yakimpita kwa kasi.

Kinachowadanganya watu ni utambarare wa kisiwa. Vilima vya Masingini, ndivyo virefu kuliko vyote Unguja, vinapita mita 100 kidogo tu juu ya bahari, kwa hiyo kila mtu anadhani kazi ni nyepesi. Miguu haishindwi na vilima vya Unguja. Kinachowashinda watu ni saa waliyotoka, gari lililo nyuma yao, maji ya bahari wasiyoyajua na baiskeli ambayo hawakuikagua. Ukiyapanga hayo tangu jana yake, kisiwa hiki ni raha tupu kwa mpanda baiskeli.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

Helmeti inayokukaa sawasawa. Wakodishaji wengi hawana, au wanazo zilizolegea mikanda. Kama unatoka Dar, Arusha, Mombasa au Nairobi, njoo na yako.

Taa mbili, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, hata kama hupangi kutembea usiku. Mvua nzito ya masika inatia giza mchana kweupe. Ongeza kengele na kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani. Umuhimu wake utauona Hatua ya 4.

Tyubu moja ya akiba ya saizi ya tairi lako (saizi imeandikwa ubavuni mwa tairi), viraka, gundi, kipande cha msasa, pampu, vijiko viwili vya kutolea tairi, na spana inayoingia kwenye nati za magurudumu. Ijaribu spana hiyo palepale dukani. Spana isiyoingia ni mzigo tu.

Maji yasiyopungua lita 2 kwa nusu siku, na pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kutoka duka la dawa.

Shati jepesi la mikono mirefu na suruali au sketi inayofunika magoti. Jua linataka hivyo, na vijiji vinataka hivyo pia. Kikoi au kanga moja ndani ya mkoba itakufaa kwa kivuli, kwa kujifunika, na hata kwa kufungia mkono ulioteguka.

Sabuni kipande, chachi, bandeji na dawa ya kusafishia kidonda.

Kufuli, simu iliyojaa chaji, na pesa taslimu za noti ndogondogo. Fundi wa pancha chini ya mwembe na konda wa gari la shamba (daladala la kwenda vijijini) hawana chenji ya noti ya elfu kumi asubuhi.

## Hatua ya 1: Weka kambi pwani, usianzie mjini

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa hili ndilo linalozaa mengine yote.

Barabara za kutoka mjini, iwe ya Mwanakwerekwe kwenda kusini au ya Mtoni na Bububu kwenda kaskazini, zina daladala, malori ya mchanga, bodaboda, vespa na watu wanaovuka kwenda sokoni. Ni kilomita chache lakini zinachosha kuliko safari nzima iliyobaki. Kutoka mjini hadi Paje ni kama kilomita 50. Mtu asiyezoea anafika amechoka, na aliyechoka hatazami nyuma.

Fanya hivi: panda gari hadi kijiji cha pwani ulichochagua, lala hapo, kisha fanya mizunguko mifupi ya nusu siku kutokea hapo. Kama baiskeli ni yako umekuja nayo, magari ya shamba yenye bodi la mbao hubeba baiskeli juu ya paa. Ongea na konda kabla ya kupakia, patana nauli ya mzigo, na wewe mwenyewe hakikisha imelazwa upande usio wa cheni na kufungwa kamba mbili. Magari ya kusini yanajulikana kwa namba: 309 ni Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Kaskazini 116 ni Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe.

Kituo kizuri kwa anayeanza ni Paje au Jambiani. Kutoka Paje kwenda Jambiani ni mwendo mfupi, na una chaguo la lami au ufukwe. Kutoka Paje kwenda kaskazini unapita Bwejuu na Dongwe hadi Michamvi, kama kilomita 20, bahari mkono wa kulia njia nzima ingawa miti na hoteli zinaificha. Ukielekea magharibi, msitu wa Jozani uko chini ya kilomita 20, na huko unaweza kufunga baiskeli ukaenda kuwatazama kima punju.

Upande wa kaskazini mashariki, mstari wa Kiwengwa, Pongwe, Uroa hadi Chwaka ni mtulivu kuliko ule wa Nungwi. Nungwi yenyewe siipendekezi kwa siku ya kwanza. Pana magari mengi ya wageni na vijia vya mchanga mlaini visivyo na pembezoni.

Utajua umefaulu ukiweza kuitaja safari ya kesho kwa sentensi moja: unatoka wapi, unageukia wapi, unarudi saa ngapi. Safari isiyotajika hivyo ni ndefu mno, ipunguze.

## Hatua ya 2: Ikague baiskeli kabla ya kutoa pesa

Baiskeli za pwani zinaishi kwenye chumvi. Kwa nje inaweza kung'aa, ndani nyaya za breki zimeliwa na kutu. Chukua dakika kumi, mwenye duka asikuharakishe.

1. Breki. Shika mkono wa breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka au baiskeli igome kabisa. Kwa breki ya nyuma, baiskeli igome au gurudumu liburute bila kuzunguka. Mkono wa breki usiguse usukani ukiubana. Kisha jiulize: breki ya mbele iko mkono gani? Baiskeli za hapa zinatoka nchi mbalimbali, nyingine mbele ni kulia, nyingine kushoto. Ukikosea siku ya kwanza ukabana ya mbele peke yake kwenye mteremko wenye mchanga, utaruka juu ya usukani. Hakikisha mkono wako umeijua kabla hujatoka uani.

2. Waya wa breki. Utazame pale unapoingia kwenye mkono wa breki na pale unapofungwa chini. Ukiona uzi hata mmoja umekatika na kuchomoza, kataa baiskeli hiyo.

3. Magurudumu. Inua, zungusha, tazama pengo kati ya rimu na raba za breki. Likiyumba sana kushoto na kulia, spoku zimelegea. Lishike gurudumu kwa juu ulitikise pembeni. Likicheza, beringi zimekwisha.

4. Tairi. Tafuta nyufa ubavuni. Bonyeza kwa kidole gumba: kwa lami liwe gumu, libonyee kidogo sana.

5. Cheni. Rangi ya kutu juujuu si hatari. Hatari ni kiungo kilichoganda. Kanyaga pedali kinyumenyume polepole ukiitazama cheni ikipita nyuma. Kiungo kibovu kitaruka kidogo.

6. Kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ya chini. Mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa unyayo wa mbele, goti litakunjwa kidogo, na hapo ndipo sawa. Watu wengi hupanda kiti kikiwa chini kama cha mtoto, halafu wanalalamika magoti yanauma.

Ipige picha baiskeli mbele ya mwenyewe, mikwaruzo yote ionekane, ili usije kulipia ya mtu mwingine. Usiache pasipoti wala kitambulisho halisi kama dhamana. Acha pesa au nakala. Uliza pia: ikipata pancha gharama ni ya nani, na nikikwama kijiji fulani mtanifuata? Pata jibu na namba ya simu kabla ya kuondoka.

Utajua umefaulu baada ya kuizungusha mtaani dakika tano, ukafunga breki mara kadhaa, na usisikie mlio wowote usioujua.

## Hatua ya 3: Panga saa kwa jua, upepo na maji

Hapa kaa kidogo, maana mgeni wa bara huwa hana habari hii na mvuvi wa Jambiani anaijua tangu utotoni.

Jua. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi na linazama baada ya saa kumi na mbili jioni kidogo, na likishazama giza linaingia ndani ya nusu saa. Saa za kupanda ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, halafu tena kuanzia saa kumi jioni. Saa kumi na moja na nusu uwe umefika ulipolala. Katikati ya mchana pumzika, kula, oga, lala.

Kwa nini nang'ang'ania kufika mapema? Barabara nyingi za shamba hazina taa, gari la ng'ombe linalorudi na mzigo halina hata kiakisi, na mwenye vespa anayewahi nyumbani hakutarajii. Usiku acha baiskeli, panda gari.

Upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi karibu Machi, unatoka kaskazini mashariki. Kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba, unatoka kusini mashariki, na una nguvu zaidi. Kanuni ni moja: enda dhidi ya upepo, rudi nao mgongoni. Wakati wa kusi, ukilala Paje, asubuhi nenda kusini kuelekea Jambiani. Wakati wa kaskazi, anza na Bwejuu na Michamvi. Ukifanya kinyume, utakwenda kama ndege na kujisifu, kisha kurudi kutakuvunja moyo, wakati maji yamepungua na jua limepanda.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, mvua hushusha udongo na changarawe kwenye lami, na mashimo hujaa maji usijue kina chake. Usipite dimbwi usiloona chini yake.

Maji ya bahari. Ukitaka kupanda ufukweni, hili ndilo la kwanza. Bahari ya Unguja hupwa (maji hushuka) na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti inaweza kukaribia mita 4. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kabisa kama saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja hivi unafika maji mafu: asubuhi ile ya saa nne ndiyo maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa hiyo mtu anayekuja siku tatu baada ya mwezi mpevu atapata ufukwe mpana kuanzia saa tano au saa sita mchana, na rafiki yake aliyekuja wiki iliyofuata atakuta asubuhi maji yanajaa. Usibahatishe. Muulize mvuvi yeyote: "Leo maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu bila kutazama saa.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi au ujumbe kwenye simu wenye nyakati nne: wa kutoka, wa kugeuka, wa maji kupwa, na wa kufika nyumbani.

## Hatua ya 4: Barabarani

Zanzibar tunakwenda kushoto. Kwa anayetoka Bara, Kenya au Uganda hakuna jipya. Anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo aweke alama mkononi siku ya kwanza, maana hatari haiko katikati ya safari, iko pale unapoanza upya baada ya kusimama kunywa dafu.

Kaa karibu mita moja kutoka ukingo wa lami. Wengi hujibana pembeni kabisa kwa woga. Hapo pana mchanga, vipande vya chupa, na mara nyingi ukingo wenyewe umeshuka kama upana wa kiganja. Ukibanwa hapo huna pa kukimbilia. Ukikaa mita moja ndani, dereva anakuona mapema na wewe una nafasi ya kusogea.

Honi si tusi. Dereva wa daladala akipiga honi fupi nyuma yako anakwambia anakuja. Usigeuze kiwiliwili kumtazama, kwa sababu mabega yakigeuka na usukani unageuka, unajikuta umeingia mbele yake. Tazama kioo, endelea kunyoosha, sogea kidogo kushoto.

Magari mawili yakikutana ulipo wewe, moja nyuma yako na moja mbele, usishindane. Punguza mwendo mapema, chagua mahali ambapo bega la barabara liko sawa na lami, toka ukiwa umenyoosha gurudumu, simama. La hatari zaidi ni kurudi. Ukijaribu kupanda tena lami kwa kuchepuka polepole, gurudumu la mbele litasugua ukingo na kukutupa katikati ya barabara. Simama, inua baiskeli, iweke juu, tazama nyuma, ndipo upande.

Daladala linaloelekea kusimama. Abiria akigonga bodi, gari linakata kushoto papo hapo. Kaa nyuma yake, usilipite upande wa kushoto kamwe: abiria wa magari ya shamba hushukia nyuma, na kina mama wana vikapu, hawana macho ya baiskeli. Subiri, au pita kulia baada ya kutazama.

Matuta. Yako karibu na shule, vijiji na ndani ya Jozani, na mengine rangi imefutika. Simama kwenye pedali, kunja magoti na viwiko, pita katikati yake. Ule upenyo wa pembeni ya tuta unavutia, ila ndimo vespa zinamopita pia, tena kwa kasi.

Wageni wenye skuta za kukodi. Paje, Jambiani na Nungwi wamejaa. Wengi wao kwao wanaendesha kulia. Kwenye mzunguko wa Paje usidhani mtu atakupisha. Mtazame machoni kwanza.

Pitia kijiji kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kuku hawatabiriki, mbuzi wakivuka mmoja wako nyuma bado anakuja, na watoto wa madrasa hujaa njiani mchana. Mtoto akishika keria akukimbize kwa mchezo, usikanyage kwa nguvu kumtoka. Simama, msalimie, mwambie aachie.

Mji Mkongwe shuka, kokota. Vichochoro vina kona zisizoona mbele, na ukisikia "hodi hodi!" nyuma yako, anayekuja ana mzigo au mkokoteni, mpe ukuta.

Utajua umefaulu pale gari linapokupita na wewe hukuyumba hata kidogo. Hilo likitokea mara kumi mfululizo, mabega yatalegea yenyewe na utaanza kuona minazi.

## Hatua ya 5: Ufukweni

Anza maji yakiwa bado yanapwa, saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, na geuka si baadaye ya wakati wa kupwa. Ukifanya hivyo hata ukipata pancha una muda wa kukokota hadi nyumbani kabla maji hayajakuzingira.

Punguza upepo wa tairi mpaka kidole gumba kizame vizuri, usilegeze hadi rimu iguse chini. Panda ule ukanda wa mchanga ulioachwa na maji muda si mrefu: una rangi nzito, unyayo wako unaacha alama bila kuzama. Mchanga mweupe wa juu ni mlaini, utakwama. Mchanga unaong'aa kama kioo chini karibu na maji mara nyingi una tope, nao utakwama.

Sasa hatari zenyewe. Kamba za nanga za ngalawa na mashua hulala juu ya mchanga, nyingine zimefukiwa nusu na rangi yake ni ya mchanga huohuo. Ukiona ngalawa imekaa juu ya mchanga, tafuta kamba yake kwanza, ipite kwa miguu. Paje kuna watu wa tiara za baharini, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara: nyuzi zao nyembamba zinakazwa na upepo usawa wa kifua au shingo, na tiara inaweza kuanguka bila onyo. Zunguka mbali upande wa juu au shuka ukokote nyuma ya watu wote waliosimama. Usikatishe kati ya mtu na tiara yake.

Na tafadhali, mashamba ya mwani. Ukiona vijiti vimepangwa mistari na kamba kati yake, hilo ni shamba la mtu. Kina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanainama humo saa nyingi kila bamvua. Tairi moja likipita linakata kamba ya kazi ya wiki kadhaa. Pita juu, wasalimie.

Ukianguka kwenye mawe ya matumbawe, kidonda kidogo kinaoza haraka. Osha hapohapo kwa maji safi na sabuni, toa kila chembe ya mchanga, paka dawa, funika. Kikivimba au kutoa joto siku ya pili, nenda kituo cha afya.

## Hatua ya 6: Joto, ibada na heshima za njiani

Kunywa kabla ya kiu, funda tatu nne kila robo saa. Dafu linasaidia lakini halitoshi peke yake. Dalili za kuacha mara moja ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, au vipele vya baridi ilhali kuna joto. Ingia kivulini, vua helmeti, lowesha kikoi uweke shingoni na kwapani, kunywa ORS kidogokidogo. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka au jasho likikauka, hilo ni la hospitali.

Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hadi karibu saa nane, barabara karibu na misikiti hujaa watu na vyombo. Shuka utembee.

Mwezi wa Ramadhani safari inawezekana, ila ipange upya. Migahawa mingi ya vijijini imefungwa mchana, na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea watu heshima. Toka mara tu kunapopambazuka, maliza saa tatu, na kama unahitaji maji, ingia pembeni pasipo na watu. Nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi usiwe barabarani kabisa: kila mwenye chombo anawahi futari, na mwendo wa wakati ule haufanani na wa saa nyingine yoyote.

Ukipita mbele ya wazee barazani, punguza mwendo na uwape salamu. Ni adabu, na pia ndio watakaokumbuka ulipita saa ngapi ukielekea wapi, endapo utatafutwa.

## Hatua ya 7: Pancha na ajali

Pancha kwanza. Ukisikia gurudumu linazama, usiendelee kukanyaga. Rimu itakata tyubu.

1. Sogea mbali na lami, pindua baiskeli, fungua gurudumu, toa tairi upande mmoja tu.
2. Toa tyubu, tia upepo, isikilize karibu na shavu. Usiposikia, izamishe majini uone mapovu.
3. Pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba au kipande cha jiwe kilichotoboa mara nyingi bado kipo. Ukiruka hatua hii utapata pancha ya pili baada ya mita 200.
4. Sugua kwa msasa mpaka mpira upoteze mng'ao, paka gundi nyembamba, subiri hadi isishike kidole. Haraka ya hapa ndiyo inayobandua viraka.
5. Bandika, kandamiza dakika mbili, rudisha. Kabla ya kujaza, zunguka tairi lote uone tyubu haijabanwa na rimu.

Kama hutaki kuchafuka, vijiji vingi vina fundi. Tafuta matairi yaliyoning'inizwa kwenye mti au kibanda. "Fundi, habari za kazi, naomba unizibie pancha, ni shilingi ngapi?" Bei iulizwe kabla ya gurudumu kufunguliwa.

Ajali ikihusisha gari au pikipiki, toka barabarani kwanza, piga picha ya chombo na namba yake, na upige 112. Ukiwa kijijini, mwombe mtu akuitie sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo; yeye ndiye anayejua polisi wa karibu na gari la kukubeba. Hospitali kusini ipo Makunduchi, kaskazini ipo Kivunge, na Mnazi Mmoja ipo mjini. Ukigonga kichwa, hata kama unajisikia mzima, siku hiyo usipande tena, na usilale peke yako.

## Hatua ya 8: Jioni, kabla ya kuoga wewe

Baiskeli iliyopita ufukweni isipooshwa usiku huo, asubuhi cheni ni ya rangi ya chungwa.

Tumia nusu ndoo ya maji matamu. Visima vingi vya pwani ya mashariki vina chumvichumvi, kwa hiyo omba maji ya tangi au ya bomba. Mwagia polepole kwa kopo: cheni, magurudumu, breki. Usielekeze maji ya nguvu kwenye vitovu vya magurudumu, yataingia ndani kwenye grisi. Piga baiskeli chini mara mbili maji yadondoke, futa kwa kitambaa.

Kisha mafuta. Mafuta ya kula hayafai, yanashika mchanga na kugeuka msasa. Nunua kichupa cha mafuta ya cherehani dukani, weka tone moja kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedali kinyumenyume, subiri kidogo, halafu ufute yote yanayoonekana kwa nje. Yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani. Jaza tena upepo uliopunguza ufukweni, bana breki mara mbili uzisikie, na funga kufuli kwenye nguzo au mti, si kwenye kiti cha plastiki.

Utajua umefaulu asubuhi ukiishika cheni: vidole vinatoka na weusi kidogo bila unga wa kutu, na ukizungusha pedali husikii kitu.